Siku mjomba aliponipeleka kumuona mwenye mji

Summer ya 2014 nilikuwa bado mgeni Chicago, mjomba wangu akiendesha teksi kule, basi Jumapili moja akaniambia leo sibebi abiria, keti hapa mbele nikupeleke ukamuone mwenye mji. Mie nikadhani meya.

Tukapaki mbali maana paking ya mjini kati ni pesa nyingi, tukatembea Michigan Avenue hadi kwenye daraja la mto, na kando yake pana sanamu ya shaba, kichwa na kifua tu, mtu mweusi. Nikasoma jina, Jean Baptiste Point DuSable.

"Mjomba, ndo nani huyu?"

"Ndo alofungua mji huu. Kabla hakujawa na Chicago, yeye alikuwa na nyumba hapahapa."

Na si kibanda. Mwaka 1800 alipouza, kwa livre 6,000 za Kifaransa, orodha ya mali yake ilikuwa na nyumba ya futi 40 kwa 22, kinu, tanuri la mikate, banda la kuku, ng'ombe 30, kuku 44, hadi kabati lenye milango ya vioo! Mkewe, Kitihawa, alikuwa Mpotawatomi, watu wenye nchi ile toka zamani. Ile nyumba baadae ikaja kuwa ya mzungu mmoja, John Kinzie, alohamia pale 1804, na kwa miaka mingi sana huyo Kinzie ndo akaitwa baba wa Chicago, wallahi iliniuma.

Mjomba haya yote alielezwa na abiria wake, bibi mmoja alosoma DuSable High School, shule alosoma pia Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa mji huo. Yule bibi ndo alompa habari za akina mama weusi walounda chama 1928 wakakiita National De Saible Memorial Society, kiongozi wao Annie Oliver, wakaisumbua serikali ya mji na wenye maonyesho makubwa ya 1933 mpaka wakakubaliwa kujengewa mfano wa nyumba ya magogo ya DuSable, ili watu waje waone nani alitangulia. Hawa kwangu ndo mashujaa, maana jina la mtu likishafutwa halirudi lenyewe, lazima wawepo watu wa kulitaja kila mahali mpaka wakubwa wachoke. Daraja lenyewe lilipewa jina la DuSable 2010 tu.

Mie nimekulia Frere Town, Mombasa, pale Kengeleni. Jina la mtaa ni la Mwingereza, Bartle Frere, na walokuja kuanza maisha pale miaka ya 1870 ni watu walotolewa utumwani. Nikamwambia mjomba, na sisi je? Akanyamaza kidogo, akasema kwani sisi unamjua nani?

Nikamtajia Matthew Wellington, mmoja wa walobeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka Bagamoyo, akaja kukaa kwetu, akafia Mombasa 1935. Mjomba alikuwa hajapata kumsikia, na yeye kazaliwa palepale. Basi njia nzima ya kurudi akawa ananiuliza maswali, alikuwa kabila gani, alishikwa wapi, wajukuu wako wapi, na mie nikawa namjibu nnachokijua.