Kupinga bomba la gesi mbele ya FERC: somo la Oregon

Ukienda kwenye kikao cha FERC, tume ya shirikisho inayotoa vibali vya mabomba makubwa ya gesi Marekani, usitarajie jukwaa. Mara nyingi unachukua namba, unasubiri, kisha unaingizwa chumba cha pembeni alipo karani wa kunukuu. Unasema kwa dakika tatu hivi, unatoka. Makamishna wenyewe hawapo. Watu hutoka hapo wamenuna, na sioni kosa lao. Ila shauri haliamuliwi chumbani humo, linaamuliwa kwa kilichomo kwenye jalada, na karatasi uliyoiwasilisha ina uzito uleule wa maneno uliyoyasema. Kwa hiyo zile dakika tatu tumia kwa hoja moja tu, nyingine zote ziandike.

Mfano ninaoupenda ni Pacific Connector, bomba la inchi 36 na maili 229 (kilomita 368 hivi) lililokusudiwa kutoka Malin, kusini mwa Oregon, hadi Coos Bay pwani, likalishe kiwanda cha Jordan Cove cha kupoza gesi hadi iwe kimiminika cha kuuza nje. Mradi huo ulianza kinyume kabisa: kibali cha mwaka 2009 kilikuwa cha kuingiza gesi. Gesi ya miamba ya Marekani yenyewe ikafurika sokoni, kibali kikafutwa 2012, na mwaka uliofuata kampuni ikarudi na ombi la kusafirisha nje.

Tarehe 11 Machi 2016 FERC ikakataa, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana. Sababu haikuwa samaki wala tabianchi. Kwa mujibu wa sera yake ya 1999, tume hupima mahitaji ya bomba dhidi ya madhara kwa wenye ardhi. Wafanyakazi wake walikuwa wameiuliza kampuni mara kadhaa: wateja wako wapi? Hapakuwa na mkataba hata mmoja wa kununua nafasi ndani ya bomba. Upande wa pili walikuwepo wenye ardhi wapatao 630, na kampuni ilikuwa imekubaliana nao kwa takriban 5% tu ya mkuza wa kudumu, yaani ukanda wa ardhi wa kupitisha bomba. Kila aliyekataa kusaini, kisha akaandika kwamba amekataa na kwa nini, aliongeza uzito kwenye sahani hiyo ya mizani. Siku chache baada ya uamuzi kampuni ikatangaza makubaliano ya awali na mnunuzi wa Japani. Ilikuwa imechelewa, na Desemba 2016 ombi la kusikilizwa upya likakataliwa.

Kosa linalowagharimu watu kuliko yote ni kudhani kwamba kutoa maoni ni sawa na kuwa mhusika wa shauri. Sivyo. Mtoa maoni husomwa tu. Mhusika ana haki ya kuomba shauri lisikilizwe upya na kwenda mahakamani. Ili uwe mhusika unawasilisha ombi la kujiunga lenye namba ya jalada (ombi rasmi huanza na CP, PF ni hatua ya awali tu, na kujiunga hakuanzii hapo), maslahi yako na msimamo wako, na nakala unawapelekea wahusika wengine. Muda huwa takriban siku 21 tangu tangazo la ombi. Usipopingwa ndani ya siku 15, umeingia moja kwa moja. Ukichelewa, lazima ueleze sababu nzuri, ingawa kipindi cha maoni ya rasimu ya tathmini ya mazingira hufungua mlango mara ya pili.

Kibali kikitolewa, una siku 30 za kuomba kusikilizwa upya, wala siku hizo haziongezwi. Hoja usiyoiweka humo huwezi kuiibua mahakamani. Zamani tume ilikuwa ikijibu kwa amri ya “tunatafakari”, miezi inapita, huku miti ikikatwa. Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Washington, D.C., iliukomesha mchezo huo tarehe 30 Juni 2020.

Sasa maoni yenyewe. Barua 500 za maneno yaleyale hujibiwa kwa aya moja. Barua moja inayotaja maili kamili kwenye ramani ya kampuni, kisima kiko futi ngapi kutoka kwenye mtaro, mteremko uliwahi kuporomoka mwaka gani, pamoja na picha yenye tarehe, lazima ijibiwe peke yake. Kwa usalama, usiandike “tunaogopa mlipuko”. Piga hesabu ya kanuni za shirikisho zenyewe ya umbali, kwa futi, ambao mlipuko unaweza kudhuru: 0.69 mara kipenyo kwa inchi mara kipeuo cha pili cha shinikizo kwa pauni kwa inchi ya mraba. Bomba la inchi 36 kwa shinikizo la 1,600 linatoa 0.69 × 36 × 40, yaani futi 994, kama mita 303. Chora duara la nusu kipenyo hicho, hesabu nyumba na shule zilizomo, liweke jaladani.

Kampuni ilirudi tena 2017, safari hii ikiwa na mikataba ya zaidi ya 95% ya nafasi ya bomba. Mteja? Jordan Cove yenyewe, ndugu wa tumbo moja. Kwangu hiyo ni kujiuzia mbuzi wako mwenyewe na kuita soko, lakini tume iliridhika na Machi 2020 ikatoa kibali.

Kilichobaki kilikuwa maji. Sheria ya Maji Safi, kifungu cha 401, inaipa serikali ya jimbo neno la mwisho juu ya ubora wa maji yake. Hapo ushahidi unakuwa wa ufundi: kukata miti ya kandokando ya mto kunaondoa kivuli na kupasha maji joto ambalo samaki aina ya salmoni hawalivumilii, barabara za ujenzi kwenye miteremko huteremsha udongo, uchimbaji wa kupitisha bomba chini ya mto unaweza kupasua mwamba na kumwaga tope la kuchimbia mtoni. Mei 2019 idara ya mazingira ya Oregon ilikataa kutoa cheti, ikitaja tope, maporomoko na joto la maji. Idara ya ardhi ya jimbo nayo ilipokea maoni zaidi ya 50,000, ikadai majibu ya kampuni, na Januari 2020 kampuni ikaliondoa ombi lake huko. Jihadhari na saa: jimbo lina mwaka mmoja kuamua, likizembea haki hiyo inapotea. Kampuni ilidai Oregon imeipoteza, na Januari 2021 FERC ikasema hapana.

Desemba 2021 kampuni ikajitoa na kibali kikafutwa. Waliokuwa wamesaini mkuza bado wana kazi: hati iliyosajiliwa kaunti haifutiki yenyewe pamoja na kibali. Soma kifungu cha muda, kisha dai kwa maandishi hati ya kuachilia, nayo isajiliwe palepale.