Ukurasa ambao sikuuprinti

Tarehe 18 Disemba 2014, alhamisi, nilikuwa bado na ile saiba yangu ndogo Langoni, kompyuta tatu na printa moja ya mtumba iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa kiko, na mteja hakuna. Kafyu ilikuwa imeshatukausha. Ilianza mwezi wa saba baada ya yale mauaji ya Mpeketoni, saa kumi na mbili unusu jioni kila mtu ndani mpaka saa kumi na mbili unusu asubuhi, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, sasa mji kama Lamu ambao nusu ya watu wanakula kwa bahari na nusu wanakula kwa wageni, wageni wamekimbia na bahari imefungwa, we niambie nani atakuja kuprinti nini. Basi nikavuta mlango nikaenda hoteli ya jirani kuangalia tivi maana kulikuwa na kikao maalum cha bunge na Kenya nzima siku hiyo ilikuwa inatazama Nairobi.

Kwa aliyesahau, au alikuwa mdogo. Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi, ilikuwa Septemba 2013, watu 67 wakauliwa na magaidi. Mpeketoni Juni 2014, zaidi ya 60, hiyo ni hapa kwetu, kaunti yetu. Kisha Novemba basi la Mandera 28 wakashushwa wakauliwa, na siku kumi baadae Mandera tena, wachimba mawe 36. Waziri wa usalama akaondolewa, Inspekta Jenerali akajiuzulu, na serikali ikaleta mswada mmoja mnene unaogusa sheria chungu nzima kwa mkupuo, kuanzia ile ya kuzuia ugaidi ya 2012 mpaka ya wakimbizi, na wakataka upite kabla ya krismasi. Magazeti yalikuwa yameandika kuhusu mshukiwa kuwekwa ndani mpaka siku 360. Mia tatu na sitini! Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza huo mswada unasema nini hasa.

Hotelini palikuwa pamejaa. Mjomba wangu alikuwa kwenye benchi la ukutani na kikombe chake cha kahawa, kofia kaivuta mbele, hajazoea kuangalia tivi mchana. Mjomba ni nahodha, Mbajuni wa Kizingitini, ndugu yake mama yangu, amehamia Lamu mjini tangu mimi sijazaliwa lakini ukimuuliza kwao ni wapi anakuonyesha bahari kwa kidevu. Pembeni yake kulikuwa na mwalimu mmoja wa Mpeketoni, mtu mpole sana, alikuja mjini kufuata mambo ya mshahara wake akakwama sababu ya saa za kafyu. Tulikuwa tukimfahamu, alikuwa mteja wangu wa mitihani.

Aisee kile kikao. Wabunge wa upinzani wanaimba, wanapiga meza, karatasi zinachanwa na kurushwa juu kama maua ya harusi, Spika Muturi anaita utulivu hakuna anayemsikia, wengine wameshikana mashati. Naibu Spika, marehemu Joyce Laboso, alimwagiwa maji. Hoteli nzima ilikuwa inacheka, na mimi nilicheka, sitakuwa muongo, mpaka nikamuona mwalimu hacheki.

Mjomba akasema, "Hawa ndio wataotuwekea miaka ya jela?"

Mwalimu akamgeukia taratibu. Akasema, mzee wangu, mimi wacha wawe wendawazimu lakini sheria ipite. Mdogo wangu alikuwa ameenda kuangalia mpira, wakati ule wa Kombe la Dunia, hakurudi. Wakipitisha ya kunyonga nitafurahi zaidi.

Watu wakanyamaza. Nikajitia kimbelembele mimi, msomi wa saiba, nikasema lakini mwalimu, sheria ya 2012 tayari ipo, kitendo cha ugaidi ni mpaka miaka 30, na kikiua mtu ni kifungo cha maisha. Sasa huu mpya unaongeza makosa, kwa mfano anayewatia watu itikadi kali naye ni mpaka 30. Mwalimu akaniangalia vile anavyomuangalia mwanafunzi aliyejibu swali lingine.

"Maisha," akasema. "Haya. Na aliyemuua ndugu yangu umesikia yuko jela gani?"

Sikuwa na jibu. Hata leo nikisikia watu wanabishana miaka iwe mingapi, kumi, thelathini, maisha, namkumbuka yule mwalimu na kikombe chake cha chai kilichofanya utando juu.

Mjomba yeye alikuwa na jambo lake jingine. Akanivuta mkono, "Ndoo hapa," yani njoo. Akaniuliza pole pole, nimesikia huko kuna kifungu cha mtu anayevuka kwenda Somalia, ni kweli? Nikamwambia nimesikia pia, nitakitafuta. Na hapo hapo umeme ukakatika, tivi ikazima, mswada ulipita sisi tumekaa gizani tunapepea na magazeti. Ijumaa yake rais akatia saini, haikumaliza hata siku mbili.

Sasa lazima nieleze kwa nini mjomba aliuliza. Marehemu kakake mjomba alioa Ras Kamboni, ng'ambo ya mpaka, ukitoka Kiunga kwa boti ya mashine si mbali. Wabajuni wako kule na wako huku, visiwa vyao vinashuka kutoka Kismayu mpaka kwetu kama shanga, na mpaka wenyewe umekuja kukaa pale 1925 Waingereza walipowapa Waitaliano ile sehemu ya Juba, yani babu alilala akaamka shemeji zake wako nchi nyingine. Hakuna ofisi ya pasi baharini. Mjomba amevuka huko maisha yake yote na hajawahi kugongewa muhuri. Na mwaka ule bintiye marehemu alikuwa ameposwa, harusi imewekwa mfungo sita, na baba hayupo, babu hayupo, kaka hana, ami yake pekee aliyebaki ndiye mjomba wangu. Yani ndiye walii. Yeye ndiye wa kukaa mbele ya shekhe, ashikane mkono na bwana harusi, aseme nimekuoza. Alikuwa ameshashona kanzu.

Jumatatu yake nikaipata sheria yenyewe kwenye flashi ya kijana mmoja anayefanya kazi na mawakili. Kurasa na kurasa, kiingereza cha kisheria kile kinachozunguka kama punda wa kisima. Nikatafuta mpaka nikakipata, 30C kwenye ile sheria ya ugaidi. Nikaanza kuprinti, mjomba amekaa kwenye kiti cha plastiki ananisubiri, na wazee wengine wawili wamesimama mlangoni wanasubiri wasomewe. Printa ikatoa ukurasa, ikatoa mwingine, ikalia. Karatasi zimeisha. Pakiti mpya sina, duka limefungwa, watu wameenda kuswali. Nikasema ah, kifungu chenyewe kimeshatoka, tayari.

Nikawasomea. Nikatafsiri hivi, na maneno nayakumbuka: mtu akisafiri kwenda nchi ambayo waziri ameitangaza kuwa ni nchi ya mafunzo ya ugaidi, na hakupitia vituo rasmi vya uhamiaji, itachukuliwa kwamba ameenda kupata mafunzo ya ugaidi.

Mjomba akauliza, "Itachukuliwa na nani?"

"Na mahakama."

"Kabla sijasema kitu?"

Nikamwambia ndio, ni wewe ndio utatakiwa uonyeshe hukwenda kwa hilo. Akauliza, waziri ametangaza nchi gani? Na hapa ndipo najilaumu zaidi, maana mimi hiyo orodha sijawahi kuiona, lakini nilijibu kama naijua, nikasema Somalia lazima imo, itakosaje. Akauliza na akishikwa ni miaka mingapi, nikamtajia yale makosa ya mafunzo, nikataja miaka kumi, nikataja thelathini, nilikuwa nazitaja kama muuza samaki anataja bei. Mzee mmoja pale mlangoni akasema subhanallah. Mimi niliona nimefanya kazi ya maana, nimewaelimisha raia. Nilijiona kidogo wakili.

Mjomba akazikunja zile karatasi mara nne akatia mfuko wa shati. Akasema tu, "Ile ndia alinipitisha babangu nami mtoto," akatoka.

Hakwenda harusini. Mama alimbembeleza, akamwambia nenda, umevuka na vita vimepiga utaogopa leo karatasi? Akasema vita nilikuwa naviona. Na kweli doria za baharini zilikuwa zimezidi, ukisimamishwa unaulizwa watoka wapi waenda wapi, vijana kadhaa wa mji walikuwa wameshachukuliwa kuhojiwa, hofu ilikuwa ipo yenyewe haikuningoja mimi. Lakini mimi ndio niliyeiandikia namba ya kifungu.

Siku ya ndoa aliozesha kwa simu. Yani alimpa uwakala shekhe wa kule amuozeshee. Ilikuwa alasiri, tumekaa juu ya dari kwa mama sababu huko ndiko mtandao unashika, mjomba amevaa kanzu ile ile mpya na kofia ya vito, amekaa vizuri kabisa kama aliyeko mbele ya watu, na simu ameishika kwa mikono miwili. Laini inakatika. Anasema nimekuwakilisha, upande wa pili wanasema haloo haloo, anarudia, nimekuwakilisha umuozeshe mwana wa ndugu yangu, inakatika. Mara ya nne ndio wakasikia. Tukasikia na vigelegele kidogo, kama vya watu walioko ndani ya mtungi, halafu salio likaisha. Mama akaniambia kimbia kanunue kredi, nikakimbia, niliporudi mjomba alikuwa ameshavua kofia anaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Januari 2015, tarehe 2, Jaji Odunga akasimamisha kwa muda vifungu vinane vya ile sheria. Mji ukafurahi, watu wakaja saiba, hebu tuangalizie, na letu limo? Na mimi safari hii nilikuwa na pakiti mbili za karatasi. Nikafungua tena lile faili nilinganishe. Letu halikuwemo. Vilikuwa ni vya mambo mengine, faini ya milioni 5 au miaka mitatu kwa vyombo vya habari, wakimbizi wasizidi 150,000, na kadhalika, na Februari 23 majaji watano wakaja kuvifuta kabisa vifungu vinane, na 30C ikabaki mahali pake.

Lakini nilipokuwa nashuka na mausi kwenye 30C nikaona chini yake kuna kifungu kidogo cha pili. Mistari michache tu. Kinasema pamoja na hayo ya juu, mkazi wa kawaida wa eneo linalopakana na nchi hiyo iliyotangazwa, ile dhana haimhusu.

Nilikisoma mara tatu. Ukurasa wa tatu, ule ambao printa ililia. Kuna mtu bungeni, au kwenye kamati, au yule anayeandika tu miswada, alikaa akawafikiria watu kama mjomba. Katika zile kelele zote na maji na mashati kuchanika kulikuwa na sentensi moja imewekwa kwa ajili yetu, na iliyoizuia isifike Lamu ni mimi na shilingi mia sita za karatasi.

Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikaenda kwake asubuhi, nilimkuta ufuoni anakalafati mashua, pamba na sifa, yale mafuta ya papa, mkononi, nikamshika shikamoo nikakaa juu ya mchanga nikamwambia yote. Sikupamba. Nikamsomea kile kifungu cha pili kwa kiingereza kwanza halafu kwa kiswahili, neno kwa neno.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena.

Akaendelea kupigilia pamba kwenye ufa, tok tok tok, mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na hii karatasi, yule askari wa boti anayo?"

Nikasema sidhani mjomba.

Alasiri alikuja saiba. Akataka nimprintie huo ukurasa peke yake, kwa herufi kubwa, na niutie plastiki usilowe. Nikautia lamineti pande zote mbili na kingo nikaacha pana kabisa. Akautazama juu chini kama anayekagua tanga, akaushika kwa ncha za vidole sababu ulikuwa bado na moto, akaniuliza ni bei gani. Nikamwambia mjomba jamani, usinifanyie hivyo. Akaacha shilingi hamsini juu ya kibodi akaenda zake.