Namba ya inodi peke yake haikutoshi

Ukitaka kujua kama mafaili mawili ni faili moja, usihangaike na jina. Kwenye Unix (familia ya mifumo endeshi kama Linux) jina ni kiingilio tu ndani ya folda, kinaelekeza kwenye inodi (rekodi yenye namba inayotunza taarifa za faili lenyewe), na inodi moja inaweza kuwa na majina hata kumi kama mtu ametengeneza hadi linki (hard link, yaani jina la ziada la faili lilelile). Hashi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo) nayo inakwambia yaliyomo yanafanana, basi, maana mafaili yote matupu yana hashi ileile.

Jibu la kawaida ni kupiga stat (wito wa kuuliza mfumo taarifa za faili) uchukue st_dev (namba ya kifaa) na st_ino (namba ya inodi) kwa pamoja, kwasababu inodi namba 5000 inaweza kuwepo kwenye kila patisheni. Hata du (amri ya kupima nafasi ya diski) inatumia hizo mbili ili isihesabu hadi linki mara mbili. POSIX yenyewe (kiwango rasmi cha Unix) inasema hivyo, sawa, ila hiyo ni kwa wakati huo tu, na hapa ndo programu nyingi zinaumia. Jaribu kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux): touch a (tengeneza faili), ls -i a (ona namba ya inodi), rm a (futa), halafu touch b na ls -i b, mara nyingi utakuta b imepewa namba ileile ya marehemu a! Sasa chukua programu inayosoma logi na kukumbuka ilifika baiti ya ngapi, logi ya zamani ikafutwa, mpya ikarithi inodi, programu inaona hee faili ni lilelile, inaruka mistari yote ya mwanzo na hakuna error yoyote itakayotokea, utakuja kushtuka siku unatafuta mstari haupo.

Dawa nzuri kuliko zote ni kuacha faili wazi. Inodi haiwezi kugawiwa upya kama kuna mtu bado ameishikilia, kwahiyo unalinganisha fstat (stat ya faili lililo wazi) ya lile uliloshika na stat ya njia (path), namba zikitofautiana ujue faili limebadilishwa.

Shida ni programu ikizimwa, maana faili nalo linafungwa. Linux tangu 2.6.39 (2011) ina name_to_handle_at, wito unaokupa handeli (kitambulisho cha faili), na kwenye ext4 ile handeli inabeba namba ya kizazi cha inodi (hubadilika inodi ikigawiwa upya), kwahiyo mrithi anajulikana. Mfumo wa faili ukiikataa, kuna statx (stat mpya) ya Linux 4.11 (2017) inayotoa muda wa kuzaliwa kwa faili, japo nayo si kila mfumo unautunza. Usihifadhi st_dev kwenye databesi, inaweza kubadilika ukiwasha mashine upya, hifadhi UUID (kitambulisho cha kudumu) ya mfumo wa faili. Btrfs (mfumo mwingine wa faili wa Linux) nayo ina vituko vyake, kila sabvolyumu (sehemu inayojitegemea ndani yake) inaanza kuhesabu inodi zake upya kuanzia 256 huku UUID ya nje ni moja, kwahiyo ongeza na ID ya sabvolyumu. FUSE (mifumo ya faili inayoendeshwa na programu za kawaida) ndo usiseme, baadhi zinajitungia namba papo hapo.

Kwa logi mimi naongeza hashi ya baiti 1024 za mwanzo, ila subiri faili lifike huko kwanza, la sivyo hashi itabadilika kila likikua.