Mlango mmoja, watu na ng'ombe

Jumamosi nilitoka zamu ya pili ya usiku, na badala ya kwenda kulala nikapanda basi hadi St Fagans, nje kidogo ya Cardiff. Mnaoniulizaga wikendi nafanya nini huku Wales, jibu ndilo hilo: naenda kuangalia mazizi ya zamani. Kiingilio ni bure.

St Fagans ni makumbusho ya wazi, yalifunguliwa mwaka 1948. Wakikuta huko vijijini nyumba ya mkulima inaelekea kuanguka, huibomoa jiwe kwa jiwe, boriti kwa boriti, kila kipande na namba yake, halafu wanakuja kuijenga upya hapa. Wageni wengi hukimbilia Kennixton, nyumba ya mwaka 1610 kutoka Gower, kuta zake nyekundu kama pilipili iliyoiva. Wenyewe waliamini rangi hiyo inafukuza pepo wabaya. Kwenye picha inatoka vizuri sana. Mimi nikaipita.

Mimi yangu ni Cilewent. Ilitoka Dyffryn Claerwen, milimani karibu na Rhayader. Ilianza karne ya 15 ikiwa ya mbao, ikajengwa upya kwa mawe mwaka 1734. Ukiitazama kwa mbali ni jengo moja refu, limeinama chini kama linakwepa upepo, na paa ni moja kutoka ncha hii hadi ile. Mlango wa kuingilia ni mmoja pia. Ukishavuka kizingiti, upande huu wanakaa watu, upande ule ng'ombe.

Nilisimama pale mlangoni kitambo. Ng'ombe walifungwa vichwa vikielekea upande wa watu, na mbele yao kuna kijia cha kupitishia majani. Sasa fikiria usiku wa Januari, theluji imejaa nje: baba mwenye nyumba havai buti, hawashi taa ya kwenda uani. Anatoka tu jikoni hatua chache na majani mkononi, ng'ombe anakula, yeye anarudi motoni. Ng'ombe akianza uchungu usiku, nyumba nzima inasikia. Na joto la miili yao lilibaki humo humo ndani, halikupotea bure.

Harufu je? Waliifikiria. Nyumba za namna hii kwa kawaida zilijengwa kufuata mteremko, watu juu, mifugo chini, ili mkojo ushukie huko huko. Aliyechagua kiwanja alianza kwa kumpangia ng'ombe, kisha akajipangia yeye. Hata jina la zizi kwa Kiwelisi, beudy, maana yake ni nyumba ya ng'ombe tu: bu ni ng'ombe, tŷ ni nyumba. Hawakutafuta neno la kulishusha hadhi.

Hendre'r-ywydd Uchaf, nyumba nyingine ya mkulima hapo hapo, ni ya mwaka 1508. Kuta ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, zimeshikiliwa na nguzo za mwaloni. Madirisha hayana kioo, ni vijiti vya mbao vilivyosimamishwa. Moto unawashwa katikati ya sakafu na dohani hakuna; moshi unajitafutia njia kwenye nyasi za paa. Mzee anayeilinda siku ile aliniona nafikicha macho akaniomba radhi kwa moshi. Nikamwambia asijali, nimelelewa nao.

Pia kuna banda la nguruwe la duara, la mnamo 1800, kutoka karibu na Pontypridd. Mawe matupu bila chokaa wala saruji, kila duara limesogezwa ndani kidogo kuliko la chini yake mpaka yakakutana juu. Fundi aliyempangia nguruwe mawe kwa ustadi ule ningependa kumuona.

Ila nilirudi tena Cilewent, kwa sababu ya bibi. Nyumba yake ya msonge kule Rombo nimeiwahi nikiwa mdogo: ng'ombe wawili na mbuzi ndani, sisi tunalala hatua tatu kutoka kwao, usiku unasikia mtu anacheua. Shuleni tulikuja kuambiwa ule ni uchafu, ni ushamba, nami nikaamini kabisa, nikawa namuonea bibi haya mbele ya wenzangu. Leo nakuta ushamba ule ule Wales, umewekewa kamba ya kuzuia watu wasiuguse.

Nikampigia mama kwa video, nikamzungusha nyumba nzima, kuanzia motoni hadi zizini. Akatazama kimya. Mwishowe akasema, "Pazuri. Lakini mwanangu, hapo mbona hapana mavi? Ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Nikamwambia hawapo siku hizi.

"Basi hiyo nyumba inapigwa baridi," akasema, akaniuliza kama nimekula.