Vitu vyangu vya mfukoni havijafika elfu arobaini, na vyote nimevipata Kigoma

Vitu vyangu vyote vya mfukoni vimenigharimu chini ya elfu arobaini na hakuna hata kimoja nilichoagiza nje ya Kigoma. Nasema mapema kwa sababu kuna vijana nawaona wanaangalia zile video za wazungu wamepanga kisu, tochi, kalamu na saa juu ya ubao, kila kitu cheusi kinang'aa, alafu wanakata tamaa kwamba hii shughuli ya kubeba vifaa vyako vya kila siku mfukoni ni ya wenye hela. Sio kweli bana. Ila lazima ujue mikono yako inafanya nini kutwa nzima, hapo ndo pa kuanzia.

Mi nanunua dagaa. Alfajiri niko ufukweni Katonga au Kibirizi nasubiri mitumbwi iliyolala ziwani irudi, nachukua wabichi naenda kuanika, na wakavu nakusanya kwa wenzangu naingiza kwenye magunia, nyingine zinaishia soko la Mwanga hapa mjini nyingine zinapanda treni. Kwa hiyo mahitaji yangu yanajulikana: giza la asubuhi, mikono iliyolowa, kamba za kukata, hesabu za kuandika, na simu ambayo haitakiwi kuguswa na maji. Wazo la kuvipanga vizuri lilinijia mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi zote nne zenye ziwa zilikubaliana samaki wapumzike wazaliane, na sisi wa dagaa tukapumzika kwa lazima. Muda ulikuwepo, hela ndo haikuwepo, na kwa kweli hilo lilinisaidia maana nilikuwa nafikiria kitu mara nyingi kabla ya kutoa noti.

Nikajiwekea sheria moja tu: kama betri yake, waya wake au spea yake siipati soko la Mwanga asubuhi hiyohiyo, kitu hicho hakiingii mfukoni. Sheria hiyo peke yake ilikata nusu ya tamaa zangu.

Nianze na tochi maana ndo niliyoitafuta kwa muda mrefu. Maduka yamejaa tochi za chaja ambazo betri imefungiwa humo ndani, ikichoka unatupa tochi nzima, hizo nikazipita. Maboksi nayo usiyaamini, utakuta kitochi cha kidole kimeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) elfu hamsini, hiyo haipo. Nilichotaka ni tochi inayofunguka, unatoa betri unaweka nyingine. Nikapata ya elfu tisa, ya bati nene, swichi iko kitakoni, inatumia betri ya 18650, yaani ile nene yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Uzuri wa hizo betri ni kwamba betri nyingi za laptop za zamani ukizipasua ndani unakuta zimepangwa hizohizo, na mafundi wa simu wanazo wanauza za mtumba. Ila hapa naomba unisikilize. Hiyo betri ina volti 3.7, ikijaa inafika 4.2, na nyingi za kupasuliwa hazina kile kisakiti cha ulinzi, ukiitupa mfukoni pamoja na funguo na chenji za sarafu, chuma kikagusa huku na huku, inapata moto humohumo kwenye suruali. Ya akiba mi naifunga kwenye kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, pande zote mbili. Na mpira wenyewe una kazi zake, nitasema.

Kitu kingine kuhusu tochi ambacho hutasikia kwenye video ni rangi ya mwanga. Tochi nyingi za bei rahisi zina mwanga wa kibluu. Sasa dagaa ukimmulika na mwanga wa kibluu, hata yule aliyelala kwenye beseni tangu jana anang'aa kama katoka majini sasa hivi. Nilipokuwa nachagua nilienda na samaki kwenye kifuko, nikaomba muuzaji anizimie taa ya duka, nikawasha tochi moja moja juu ya wale samaki. Yule dada akacheka, "Kaka, wewe unanunua tochi au unauza mboga?" Nikamwambia dada yangu vyote viwili. Niliyochukua mwanga wake una unjano kidogo, macho ya samaki mekundu yanaonekana mekundu. Nimeifunga kamba inakaa shingoni, kwa sababu pale ufukweni mkono mmoja umeshika beseni na mwingine unashika hela.

Kisu nacho kina habari yake. Visu vya kukunja vipo vingi, vya kichina, elfu nne elfu sita, tatizo ni ile pini ya katikati, inalegea, alafu mchanga na magamba vinaingia kwenye mkunjo hakifungi tena. Nikaona mimi sihitaji cha kukunja. Kuna mzee mhunzi huku kwetu anatengeneza majembe na mapanga, nikampelekea kipande cha msumeno wa kukatia chuma kilichovunjika, urefu wa kiganja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii uliyoleta ni nzuri lakini ni kavu, usije ukafungulia chupa nayo, inakatika pwaa."

Nilikaa nikaangalia anavyofanya. Hakuiweka kwenye moto kabisa. Aliisaga kwenye jiwe la mashine kidogo kidogo, kila baada ya sekunde chache anaichovya kwenye kopo la maji, anaigusa kwa kidole, anaendelea. Nikamuuliza mbona haharakishi, akasema chuma hiki ukikiacha kikapata moto mpaka kikageuka bluu ndo umekiua, kitakuwa laini, kitakata leo kesho hakikati. Mpini akaweka vipande viwili vya mninga na misumari miwili iliyokatwa ikagongwa pande zote. Elfu tano. Ala nimetengeneza mwenyewe kwa bomba la maji la plastiki, unalipasha moto linalegea, unaweka kisu katikati umekivingirisha karatasi, unabana na mbao mbili unakalia mpaka lipoe, linashika umbo la kisu. Kinaingia kwa mlio, hakidondoki.

Kasoro yake ni kutu. Chuma kinachonoleka kirahisi namna hiyo kinapata kutu kirahisi vilevile, na dagaa wengine wana chumvi. Nilijaribu kukipaka mawese, si tuko Kigoma, mawese hayakosekani jikoni, na kwa kutu yanafanya kazi vizuri tu ila mfuko wa suruali uligeuka rangi ya chungwa na mke wangu akauliza maswali. Sasa natumia mafuta ya cherehani, tone moja jioni baada ya kukikausha. Na siku nikiwa na safari ya ndege au naingia sehemu yenye ukaguzi kinabaki nyumbani, hakuna haja ya kuanza kujieleza kwa askari.

Watu wananiuliza kwa nini sikununua ile koleo ya kukunja yenye visu na bisibisi ndani. Orijino ni pesa ndefu, na kopi za machinga ukiminya waya mgumu koleo inapinda kwenye pini unaiona. Lakini hata huyo Mmarekani aliyezianzisha, Tim Leatherman, alianzia kwenye shida yake mwenyewe: mwaka 1975 alikuwa anazunguka Ulaya na mkewe kwenye Fiat kuukuu iliyokuwa inaharibika kila mara, mfukoni ana kisu cha skauti tu, akawa anatamani kingekuwa na koleo. Akahangaika nayo mpaka 1983 ndo akaanza kuuza. Chombo chake kilitokana na gari bovu, changu acha kitokane na dagaa.

Ghali kuliko vyote ni mzani, elfu kumi na mbili, ule mdogo wa kuning'iniza ambao watu wanapimia mabegi, una kindoano chini na kioo cha namba. Unakaa mfuko wa nyuma. Nao nikahakikisha unatumia betri zile nyembamba za rimoti, sio kile kibetri cha kidonge ambacho ukikitafuta Jumapili unazunguka mji mzima. Kuujaribu ni rahisi na hutakiwi kumuamini muuzaji: nunua maji ya lita moja na nusu, tundika chupa, lazima usome kilo moja na nusu na kidogo ya plastiki. Wa kwanza alionipa ulisema kilo moja na gramu mia mbili, nikamrudishia palepale. Huo mzani hauna stika ya Wakala wa Vipimo kwa hiyo simpimii mteja nao hata siku moja, kuuza nauza kwa mzani uliokaguliwa. Huu ni wa kujiangalizia mimi tu, mtu akiniletea gunia anasema kilo ishirini na tano nami natundika kimyakimya, na tangu wajue ninao udanganyifu wa kilo umepungua sana.

Kuandika natumia penseli. Kalamu ya wino ninayo ya kusainia, lakini kwenye karatasi yenye unyevu ile kalamu inateleza tu haiachi kitu, penseli inaandika, na ikiisha ncha kisu kipo. Daftari ni lile dogo la mia tano, linakaa pamoja na simu kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu.

Kuhusu mpira wa tyubu: nimekata pete kama sita hivi, fundi baiskeli alinipa bure, zinafunga waya wa chaja usijikunje, zinabana daftari, na ukizungushia moja kwenye mpini wa kisu hakitelezi na mikono yenye samaki. Pete ikilowa unaikata vipande unawashia moto wa mkaa, inashika hata ikiwa na maji ingawa moshi wake ni mchafu. Kiberiti cha gesi ni cha mia tano, hakina maelezo. Pawabenki niliitoa, ni nzito, inakaa kwenye begi.

Vyote hivi vingekuwa vinagongana mfukoni kama nisingepata pochi. Fundi cherehani wa Mwanga alinishonea kwa mguu wa jinsi ya mtumba, elfu nne na uzi wake, vyumba vitatu na kitanzi cha mkanda. Nilimchorea chini kwa chaki akanirekebisha, akasema kisu kisikae upande unaokalia kwenye bodaboda. Hela sichanganyi humo. Hela ina mfuko wake wa mbele, kwa sababu ukitoa tochi mbele ya watu usitoe na noti.

Kinachokosekana bado ni koleo ndogo ya kuvutia waya wa magunia. Kuna moja nimeiona kwa muuza vyuma chakavu, ya zamani, nzito, meno yake hayajaisha, anataka elfu saba mi nimefika elfu tano, na kila nikipita ananiuliza "vipi mkubwa, umeongeza?"