Nilivyojifunza kuwatambua majongoo wa shamba la shangazi, Muheza

Masika ya mwaka juzi shangazi alinipigia simu kutoka Muheza, amekasirika kwelikweli. Mchicha wake umeliwa usiku, na kila akifunua matandazo anakuta majongoo wamejikunja kama pete. Dawa ya unga alikwisha kuinunua, alitaka tu mtu wa kuinyunyiza. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga mjini. Kwa miaka mingi nilimweleza jongoo kwa mistari miwili ubaoni, na sikuwahi kumshika mkononi nikamtazama.

"Shangazi, nipe usiku mmoja kabla ya dawa," nikamwambia.

"Baba, hawa nawatupa kila asubuhi na vijiti vyao, na kesho wamerudi."

Saa tatu usiku, mvua ilipokatika, tuliingia kitaluni na tochi. Juu ya mchicha walijaa konokono wakubwa, wale wa gamba la kahawia lenye michirizi, wanakula bila haraka. Majongoo walikuwa chini, kwenye majani ya mwembe yaliyokwisha kuoza. Shangazi alisimama kimya, kisha akarudi ndani kuchukua ndoo ya kuwaokotea konokono.

Sikumwambia kwamba jongoo hana kosa kabisa. Huko Uganda wamekutwa wakila viazi vitamu vilivyopandwa karibuni, na karanga zikiwa bado udongoni. Kwa hiyo tuliondoa matandazo kwenye matuta ya viazi, tukayaacha kwenye michungwa na mgombani. Dawa ilirudi stoo.

Mimi nilibaki na hamu ya kujua ni majongoo gani hasa wanaoishi pale. Nikachukua ndoo, kijiko, lenzi ya mkono na daftari. Kila Jumamosi nilifunua eneo lile lile chini ya mwembe, nikawatenga kwa rangi na ukubwa. Baada ya mwezi nilijivunia aina tano. Zilikuwa tatu.

Kosa langu lilikuwa watoto. Jongoo huanguliwa na jozi tatu tu za miguu, na kila anapojivua ngozi huongeza pingili na miguu. Mdogo mwembamba mwenye rangi hafifu anaweza kuwa mtoto wa yule mkubwa mweusi aliye pembeni yake. Tangu hapo rangi naiandika mwisho kabisa. Naanza na umbo, kisha miguu, kisha macho.

Miguu ndiyo inayomtenganisha na tandu. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, na jozi ya mbele imegeuka kuwa makucha ya sumu. Jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi za mwili, ila si zote: ya kwanza nyuma ya kichwa haina miguu, na tatu zinazofuata zina jozi moja moja. Jina la kisayansi la ngeli yake, yaani kundi la majongoo wote, Diplopoda, limetokana na huo uwili wa miguu. Hadi 2021 hakuna aliyejulikana kufikisha miguu elfu. Mwaka huo ndipo alipotangazwa mmoja wa Australia mwenye miguu 1,306, aliyetolewa chini kabisa ardhini.

Wa shangazi ni hawa. Wa kwanza ni yule mkubwa mweusi wa mviringo, wa oda (kundi la spishi zenye undugu) iitwayo Spirostreptida. Jongoo mkubwa wa pwani yetu, *Archispirostreptus gigas*, yumo katika oda hiyo na anaweza kupita sentimita 30. Wa pili ni bapa, ana pingili zipatazo 20 zenye mabega yaliyochomoza, na hana macho. Huyo ni wa oda ya Polydesmida. Ukimsumbua hutoa harufu ya lozi chungu, inayoandamana na sumu ya sianidi, basi usimfungie kwenye chupa na wenzake. Wa tatu nilimpata kwa bahati chini ya gome la mwembe: Polyxenida, wa milimita chache, mlaini, mwenye vishungi vya manyoya. Hana kemikali ya kujilinda. Manyoya yake ya nyuma hung'oka na kunasa miguu ya sisimizi.

Nilitaka sana kufika hadi spishi. Nilipiga picha kwa simu, nikalinganisha migongo, na kila nilipolinganisha nilikosea. Kwa majongoo wengi kinachoamua ni dume, na ndani ya dume ni pingili ya saba. Hapo miguu imegeuka kuwa viungo vya kujamiiana, na umbo lake hutofautiana spishi kwa spishi. Mgeuze taratibu, ukiona pengo kwenye safu ya miguu karibu na kichwa, umepata dume. Kuyasoma maumbo hayo kunahitaji hadubini na mtu aliyebobea. Ulimwenguni zimeelezwa spishi zipatazo 12,000 katika oda 16, na milima ya Tao la Mashariki, zikiwemo Usambara zetu, ina spishi nyingi zisizopatikana kwingine. Mimi nikaishia kwenye oda, na daftari langu limekuwa la kweli zaidi.

Kuhusu kushika: vidole vyangu vilibaki na madoa ya kahawia kwa siku kadhaa. Ni kemikali wanazotoa ubavuni. Usiguse macho kabla ya kunawa.

Kiangazi hutawaona. Ngozi yao haizuii maji vizuri na matundu ya kupumulia hayafungi, kwa hiyo hujichimbia wakisubiri mvua. Nilifuga sita ndani ya boksi la majani makavu na udongo wenye unyevu. Baada ya wiki chache sehemu kubwa ya majani ilikuwa vidonge vidogo vyeusi vya kinyesi, ambavyo mara nyingi ukungu na bakteria huvimaliza upesi kuliko jani zima. Nilimpelekea shangazi kopo moja. Alivisugua kiganjani, akanusa, akaenda kuvimwaga kwenye shina la mchungwa ulio karibu na mlango.

Wiki iliyopita alinipigia tena. Ameona kinyesi cha ngawa njiani, kimejaa vipande vya pingili, na anataka nije na lenzi.