Bangkok ilipovaa nyeusi

Nilitua Bangkok Jumapili tarehe 16 Oktoba 2016, siku tatu baada ya kifo cha Mfalme Bhumibol Adulyadej wa Thailand, aliyetawala miaka 70. Msiba nilikuwa nimeusikia redioni nikiwa nafunga begi, nikasema pole yao, nikaendelea kukunja nguo. Akili yangu ilikuwa kwenye Desemba. Kariakoo gauni la sikukuu likiwa zuri halilali dukani, na mtaji wangu wote nilikuwa nimeufunga kiunoni kwenye mkanda wa kitambaa.

Nilifuatana na dada mmoja wa mtaa wetu, mzoefu wa njia ile. Wiki moja kabla alikuwa amenikalisha kibarazani akaniandikia maelekezo kwenye daftari, kwa mkono wake. Teksi isiyowasha mita usipande. Mita inaanzia baht 35, akikutajia bei kabla hujafunga mlango, shuka. Tuk-tuk ni bajaji ya kule. Dereva akikwambia hekalu unalokwenda limefungwa leo, akupeleke pengine pazuri zaidi, ujue anakupeleka duka la vito linalompa kamisheni. Treni ya juu inalala usiku wa manane. Ukikuta foleni, usikae kwenye gari ukilia, nenda kwenye mfereji ukapande boti. Kurasa tatu nzima, na nilizisoma kwenye ndege mpaka nikazishika.

Jumatatu asubuhi tukaingia Pratunam. Kila aliyewahi kwenda kufunga mzigo kule anajua nguo za soko lile zilivyo: rangi juu ya rangi, mpaka macho yanachoka. Siku ile mbele ya kila kibanda kulining'inia nyeusi. Fulana nyeusi, sketi nyeusi, suruali nyeusi, na wateja wake hawakuwa sisi. Walikuwa wenyeji, wamepanga foleni kununua nguo za msiba, na bei yake ilikuwa imepanda. Wengine nguo zao za zamani walizitia rangi. Magauni yangu ya maua yalikuwa nyuma, ndani ya nailoni, yamerundikwa kama kitu cha aibu. Dada aliingia huko nyuma taratibu, akasalimia kwa kuinamisha kichwa na viganja vimeunganishwa, akauliza bei kwa sauti ya chini. Hakubishana kama alivyozoea. Tulipata mzigo, tena kwa bei nzuri.

Jioni kichwa kikamshika. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sili wala sinywi, nataka kulala. Wewe nenda mtaa wa Soi 3 huko Nana, kuna wali wa kueleweka. Nenda na boti. Kurudi panda boda, boti hazikeshi."

Nikabadilisha nguo. Nilivaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa, jipya, nililoshona makusudi kwa safari ile. Barabarani nilijaribu teksi kwanza, maana boti nilikuwa naiogopa. Wa kwanza alitaka baht 300, wa pili akatikisa kichwa akaondoka. Nikaelekea gatini.

Boti za mfereji wa Saen Saep hazifungwi kamba zikatulia ungojee kupanda. Inagusa gati, watu wanaruka kutoka na kuingia, imeondoka. Makondakta wanavaa kofia ngumu na wanatembea ukingoni mwa boti, nje kabisa, wameshika kamba kwa mkono mmoja na nauli kwa mwingine, kwa sababu madaraja ni ya chini na boti haipunguzi mwendo kwa ajili ya kichwa cha mtu. Nauli haikufika baht 20. Maji ni meusi na yananuka, na pembeni kuna turubali ambalo abiria anayekaa mwisho wa benchi hulivuta kwa kamba yakirushwa.

Nilipokaa ndipo nikaona. Boti nzima ilikuwa nyeusi. Wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi, bibi mwenye kikapu cha mboga, wote. Katikati yao niko mimi, chungwa tupu, nimeng'aa kama bibi harusi matangani. Hakuna aliyenitolea jicho, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitamani benchi linifunike.

Mama aliyekaa pembeni yangu ndiye aliyeshika kamba ya turubali. Alikuwa wa umri wa mama yangu mdogo. Boti nyingine ilipotupita alivuta, maji yakapiga nailoni pa!, akaachia. Kisha akafungua mkoba, akatoa utepe mweusi uliokunjwa kitanzi na pini ndogo. Akanionyesha kwanza kifua chake, palipokuwa na utepe kama ule, akanitazama kama anayeomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Alisogea, akaingiza vidole viwili ndani ya shingo ya gauni ili pini isinichome, akabana. Kucha zake zilikuwa na weusi wa rangi ya nguo hadi kwenye nyama. Akaunyoosha utepe kwa kidole gumba, mara mbili. Neno langu la Kithai lilikuwa moja tu, nikalitoa: khop khun kha, asante. Gati la Nana Nuea likafika, nikaruka.

Soi 3 ina hospitali ya Bumrungrad, na Waarabu wa Ghuba huja pale kutibiwa, ndiyo maana kichochoro cha Soi 3/1 kimejaa migahawa yao. Nilikuwa naongea na nyumbani kwa simu nikisubiri wali na mbuzi, mara nasikia nyuma yangu, "Mwanangu, wa wapi wewe?" Mzee wa Muscat, Kiswahili chake cha Unguja kabisa, amemleta mkewe kupasuliwa goti. Nikamwamkia shikamoo. Kwenye kanzu yake nyeupe kulikuwa na utepe. "Muuguzi kanivisha leo," alisema. Tulikula meza moja, akakataa nilipe. Ng'ambo ya barabara, huko Soi 4 wanakokesha wageni, taa nyingi zilikuwa zimezimwa na muziki haukusikika. Serikali ilikuwa imeomba burudani zisimame siku 30. Mzee akaniambia, "Usiku hapa usipande gari la anayekuita. Panda la unayemwita wewe."

Nikamwita kijana wa boda kwenye kijiwe chao. Wanavaa fulana za chungwa zenye namba, rangi ileile ya gauni langu, naye alikuwa amebandika utepe juu ya namba yake. Tulipita barabara ya Sukhumvit kati ya magari yaliyosimama, na kwenye skrini kubwa za matangazo hapakuwa na simu wala vipodozi, ila picha ya mfalme, nyeusi na nyeupe, skrini baada ya skrini.

Dada alikuwa macho. "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akakitazama kifua changu, akanyamaza, kisha akafungua mkoba wake uliokuwa kando ya mto. Ndani mlikuwa na tepe mbili, alizonunua sokoni asubuhi, moja yake, moja yangu.

"Nisamehe mdogo wangu," alisema. "Kichwa kilinisahaulisha."